Ng'ombe Akinusa na Kurudi Nyuma: Maisha ya Mzee Stanley Mutea

Mzee Stanley Mutea Kirigia alikuwa na sheria moja katika zizi lake pale Burat, Isiolo: ng'ombe akinusa chakula na kurudi nyuma, asilazimishwe. Aliivunja mara moja, na aliagiza kwamba siku ya kumzika jambo hilo lisifichwe.

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957 huko Kibirichia, Meru, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Kirigia na Mama Tabitha. Alisomea hapo nyumbani, akapata cheti cha mifugo mwaka 1979, akaajiriwa kuwa afisa wa mifugo, na mwaka 1983 serikali ikamhamishia Isiolo. Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na Kawira.

Alipostaafu mwaka 2012 alifuga ng'ombe wa maziwa na kuwafundisha majirani kutengeneza saileji, chakula cha mifugo cha kuhifadhi: mahindi yakatwe punje zikianza kukomaa, yashindiliwe shimoni hewa itoke, yafunikwe. "Ikiiva vizuri inanukia kama uji uliochacha," alizoea kusema. "Ng'ombe ataifuata hata kanisani."

Katika ukame wa 2022, maji ya mfereji yalipokuwa yakiisha, alikata mahindi machanga yaliyojaa maji, akayashindilia shimoni hivyo hivyo. Shimo lilipofunguliwa lilitoa harufu ya siagi iliyooza. Ng'ombe walionja, wakaacha. Akachanganya molasi, ile shira tamu ya miwa, kuficha harufu, wakala. Magunia mawili alimpa rafiki yake Shuriye wa mtaa wa Wabera, aliyekuwa na ng'ombe mmoja tu wa kuwanywesha wajukuu maziwa.

Shuriye alipiga simu. "Mzee Mutea, huyu wangu amenusa akanipa mgongo. Hao wako ni wa dini gani, wanakula hii?"

"Ongeza molasi, atazoea," Mzee alimjibu, naye alijua kwamba saileji ile imeharibika.

Kabla ya mwezi kuisha, ng'ombe wawili wa Mzee waliharibu mimba. Wa Shuriye alianguka, hakuinuka tena. Mzee alikwenda Wabera akasema mbele ya familia yote: "Ng'ombe wenu alikataa kwa haki. Mimi ndiye niliyemdanganya." Akawaachia mtamba wake bora. Shuriye alimpokea mtamba, akashukuru, na tangu siku hiyo hakumpigia Mzee simu tena.

Mzee alianza kuugua figo Mei 2024. Alifariki tarehe 3 Februari 2025 hospitalini Meru, Kawira akiwa kando yake. Ameacha mjane huyo, watoto wao Mutuma na Gatwiri, na wajukuu watano. Mungu ampe pumziko lake.

Kuivunja sheria yake mara ile moja kulimgharimu ndama wawili, mtamba, na rafiki wa miaka thelathini.