Ubeti wa Mjakazi

Ndani ya basi la kuelekea chuo kikuu hapa Columbus, Marekani, nilikaa nyuma ya watu wawili waliojuana papo hapo kwa kusikiana Kiswahili. Rozina anatoka Moshi na anasomea muziki. Gitonga ni Mkenya, mfamasia, na anauliza maswali kama polisi.

Rozina alisema Ijumaa hii chuoni wanafufua opera ya vichekesho ya karne ya kumi na tisa, inayowasuta matajiri wa mjini. Yeye anaigiza mjakazi anayewaiga mabosi wake. "Mwalimu ameniruhusu ubeti mmoja niuimbe kwa Kiswahili."

"Si hiyo ni poa sana!"

"Kaka, nani atacheka? Mama ndiye aliyenifundisha kuiga; alikuwa mjakazi kweli. Alikuwa akiwaiga mabosi wake jikoni kwetu mpaka tunashika mbavu. Amenyimwa viza ya kuja huku mara mbili."

"Mimi nitakuja, nicheke."

"Utacheka kwa huruma."

"Aki sivyo, dada. Miaka tisa nacheka kwa Kiswahili kwa simu tu."

Nikaanza kuhesabu miaka yangu mwenyewe ya huku, nikaacha nilipofika kumi na nne.

Rozina alitazama nje. "Bora niuimbe kwa Kiingereza. Ukumbi ukinyamaza, nitalia jukwaani."

"Na mama akiuliza?"

Basi lilisimama, Rozina akashuka na mkoba wake wa nota. Gitonga akainuka nusu, akapaza sauti: "Show ni Ijumaa saa ngapi?"

Rozina aligeuka, midomo ikasogea, lakini milango ilikuwa imeshafungwa. Hata mimi nilikuwa nalitaka jibu hilo.