Chumba cha Nyuma Kisiuzwe

Niwekeeni mto mwingine mgongoni, kisha kila mmoja akae mahali ninapomwona, kwa maana nitasema mara moja tu, na pumzi hii iliyobaki siwezi kuimaliza kwa kurudia maneno. Nesi, binti yangu mkubwa, acha kunishika kifundo cha mkono ukihesabu mapigo. Leo wewe ni mtoto wangu, si muuguzi wangu. Pini, kitinda mimba wangu, uliyepewa jina hilo na wateja kwa wembamba wako, kazime redio ya dukani urudi upesi. Na wewe Mwalimu, mwanangu wa kati, usisimame mlangoni kama mtu anayesubiri gari. Keti. Mjukuu wangu abaki pale dirishani alipopachagua mwenyewe, na mtu asimwambie asogee.

Najua mmekuwa mkinong'onezana habari za nyumba hii, maana kilichougua ni kifua, masikio yangu ni mazima. Mwalimu amempata mnunuzi anayetaka jengo lote, duka la mbele na chumba cha nyuma, abomoe ajenge ghala. Basi sikieni kutoka kinywani mwangu: jengo haliuzwi. Duka na vyerehani vyote ni vya Pini, kwa sababu ndiye aliyevumilia kelele zangu miaka yote. Vyumba vya juu ni vya Nesi. Chumba cha nyuma ni cha mjukuu wangu na wale watoto wanaokuja pale wakitoka shule, na hati iko kwa wakili, nimekwisha kuitia dole gumba. Mwalimu, wewe sikukunyima, kile kiwanja cha marehemu baba yenu ni chako. Lakini kabla hujatoka humu nina jambo nalitaka kwako, nami nitalifikia, ila si haki nianze na kosa lako wakati langu liko pale pale.

Miaka minne iliyopita Nesi alikuwa akifanya kazi mji mwingine, na huyu binti yake, akiwa na miaka kumi na mitatu, alikaa nami na kusoma katika shule ninayoishonea sare, ambako mjomba wake, Mwalimu huyu, alikuwa mwalimu wa nidhamu. Mlikuwa mkimjua alivyokuwa msemaji, akitoka shule anaanza kusimulia akiwa bado barabarani, na sufuria inaepuliwa jikoni hajamaliza. Muhula wa pili akanyamaza. Siku moja akaja na sketi imechanika ubavuni, akasema imenaswa na msumari wa dawati. Wanangu, nimeshona miaka arobaini. Msumari hukata nyuzi mahali pamoja, lakini mkono unaovuta hufumua mshono wote na kukiacha kitambaa kimelegea pembeni. Nilipoilaza sketi ile mezani nilijua ni mkono wa mtu. Nikajua, nikavaa miwani yangu, nikashona. Wiki tatu baadaye ikawa blauzi, vifungo vimeng'olewa pamoja na vipande vya kitambaa, nikashona. Mara ya tatu ilikuwa sweta, limekatwa mgongoni kwa mkasi, na nywele zake nazo zimekatwa ovyo ovyo, na bado asubuhi yake nilimvika sweta lile nikamwambia, "Jikaze, wasichana ndivyo walivyo, watakuchoka." Niliogopa, ndiyo sababu. Shule ile ndiyo iliyoniletea kazi mwaka mzima, na mjomba wake alikuwa akingojea kupandishwa cheo, nami nikaona mtoto akivumilia kidogo tu, sote tutavuka salama.

Usinifute machozi, Nesi. Yaache yatoke.

Kumbe walikuwa wasichana watano, na kinara wao ni binti wa mwenyekiti wa kamati ya shule. Walimfungia chooni kila wakati wa mapumziko, wakampiga picha akilia, wakazitembeza kwenye simu na darasa zima likacheka. Jumatatu moja hakwenda shule. Alijifungia chumba cha nyuma, na Pini alipovunja kitasa tulimkuta amejikunja chini ya meza ya kukatia, ameukumbatia mkasi wangu mkubwa kwa mikono miwili. Nikamwomba anipe. Aliniangalia kana kwamba nami ni mmoja wa wale watano, na hakukosea. Mimi na Pini tuliketi sakafuni tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini, bila kumgusa, hata akauweka chini mwenyewe.

Nesi akaacha kazi kule akarudi, akawa anampeleka kila Alhamisi kwa yule mama mshauri wa watoto hospitalini. Mimi nyumbani nikawa simwachi apumue: umelala, umekula, walikufanya nini tena, nani alianza? Mama yule akaniita pembeni, akaniambia kwa adabu lakini bila kunibembeleza, "Bibi, unamchimba huyu mtoto kama kisima. Kaa naye tu. Akitaka kusema, akukute hapo." Nilinuna siku mbili nzima, Pini ni shahidi, nikasema mtu mdogo kama yule atanifundisha mimi kulea? Siku ya tatu nikabeba kiti changu nikaenda kukaa naye nikipindisha pindo za suruali. Ikapita miezi. Akaanza kunichagulia vifungo, akaanza kula kidogo, siku nyingine akarudi tena chini ya meza, nasi tukajifunza kutoshtuka. Mwezi wa tano tangu nianze kukaa naye, bila kuinua macho, akaniuliza, "Bibi, zile nguo ulizonishonea, ulijua?"

Ningeweza kudanganya. Nilisema, "Nilijua."

Alilia mpaka nikadhani nimemvunja upya. Lakini jioni ile alimaliza sahani yake, na kesho yake akaenda mwenyewe hadi duka la jirani kununua chumvi, peke yake, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mkasi. Sijui kueleza kwa nini. Najua tu kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Baadaye akamleta binti wa fundi bomba, kisha mapacha wa muuza mkate, na chumba kikajaa. Pini, mlango wa chumba kile usifungwe kwa ufunguo, si kwa ndani si kwa nje. Mtoto akiingia asiulizwe amefuata nini. Akikwambia anapigwa au anaonewa, mwamini kwanza, kisha mpeleke kwa Nesi, na Nesi aende kwa afisa ustawi wa jamii siku hiyo hiyo, hata kama mpigaji ni rafiki yetu, hata kama ni mteja mkubwa. Msimrudishe mtoto alikotoka mkimwambia ajikaze. Nililisema mimi neno hilo, basi liishie kwangu.

Sasa wewe, Mwalimu. Nipeni maji kidogo.

Mtoto huyu alikuja ofisini kwako mara mbili. Ulimsikiliza, ukaandika kwenye daftari la matukio, na kesho yake ukauchana ukurasa. Karani wa shule alinieleza alipokuja kuchukua sare, nami nikakaa kimya mwaka mzima nikingoja useme mwenyewe. Ukapata umakamu wa mkuu wa shule. Wasichana wale hawakuguswa, na mwaka jana wakamhamia binti wa fundi bomba, ndiyo maana naye yuko chumba cha nyuma. Miaka minne unakula mezani kwangu ukimwuliza mpwa wako habari za masomo, na nyinyi wengine mnamwambia, mwamkie mjomba, mjomba ni mtu mzima, yaishe. Hayaishi hivyo.

Unasema si sasa, mama, si mbele yake. Ni sasa, na ni mbele yake, kwa sababu mlipokuwa wawili ofisini, baadaye ulijifanya hukusikia. Sikwambii umwombe msamaha, maana hapo utamtwika kazi ya kukujibu. Sema tu ulichokijua.

Nakungoja.

Sauti, mwanangu. Dirisha liko mbali.

Haya. Mmemsikia wote: "Uliniambia yote, nami nikauchana ukurasa kwa ajili ya cheo." Ndivyo alivyosema, na asije mtu kesho akayageuza. Keshokutwa nenda mbele ya kamati ukayaandike hayo hayo, uandike na ya binti wa fundi bomba, hata kama mwenyekiti atakunyang'anya kiti chako. Kiti utapata kingine.

Mjukuu wangu ameinuka. Pini, mpishe. Mwache atoke. Hapana, Nesi, usimwite, hajanikosea adabu. Nenda ukakae karibu na mlango wa uani, mahali atakapokuona akigeuka, usiseme neno. Mwalimu, wewe usimfuate. Baki hapa na hiyo aibu yako, nami nitakaa nawe, wewe pia nilikuzaa.

Siku ya maziko yangu msimsimamishe kando ya mjomba wake ili majirani waone tumepatana. Asipotaka kuja, asije. Asiulizwe.

Kifua kimebana... Pini, shika mkono huu. Mwalimu, huo mwingine. Mungu awape mikono isiyoumiza mtoto, na... na midomo isiyoogopa wakubwa. Nimewabariki, watatu nyote. Yeye baraka yake imfikie huko huko aliko.

Ningependa kumwona tena. Mara moja tu. Lakini msimwite... Akirudi, mwambieni nilikuwa namngoja. Asiporudi, mwambieni sikukasirika.

Nasikia nyayo zake uani. Anatembea.

Mwacheni... atembee.