Nani Amefuta Kompyuta za Chuo?

Benchi lile liko mkabala na geti la chuo cha ufundi, limeegemea kibanda cha mziba pancha ambaye wote wanamwita Redio, kwa sababu mdomo wake hauna kitufe cha kuzimia. Mguu mmoja wa benchi ni tofali. Pembeni, Bibi wa Kahawa huweka jiko lake, na watu wa chuo na wa mtaa hukaa hapo kunywa na kuiendesha dunia. Siku hiyo Mama Chapa, katibu muhtasi wa chuo, hakuja kunywa. Jana yake umeme ulikatika ukarudi, na kompyuta zote za ofisini zikawaka tupu kama sahani iliyooshwa. Alama za wanafunzi wanaohitimu, barua, kila alichochapa muhula mzima, hakuna. Asubuhi mkuu wa chuo alimwambia akitoka mapumzikoni aje na maelezo, la sivyo akabidhi funguo. Na aliyempelekea mkuu habari kwamba katibu kabonyeza pasipobonyezwa alikuwa amekaa hapo benchini, mguu juu ya mguu, akipuliza kikombe: fundi wa kompyuta wa chuo, maarufu kama Injinia.

— Nisogezee, Redio. — Mama Chapa akajipenyeza katikati, bega kwa bega na Injinia. — Haya, baba. Nimebonyeza wapi?

— Dada yangu, usilichukulie hivyo, — Injinia akajibu. — Mimi nilisema ni kosa la mtumiaji. Ni lugha ya kitaalamu tu.

— Na mtumiaji ni nani kama si mimi?

— Radi hiyo! — Redio akadakia. — Radi ikiingia kwenye waya inasomba kila kitu. Shemeji yangu friji lake lilisahau kugandisha.

— Jana kulikuwa na jua linapasua kichwa.

— Radi kavu, mama. Zipo.

Upande wa pili wa benchi alikaa Wakili, muuza vitabu vikuukuu. Sheria hakuisomea hata siku moja. Jina alilipata kwa kubisha. Akatua kikombe chini.

— Mnapotea. Hii ni hujuma. Chuo kingine kimezinyonya hizo alama. Siku hizi mtu yuko kwake, kavaa soksi, anavuta tu.

— Avute alama za useremala akazifanyie nini?

— Abandike majina ya watoto wake.

— Ndiyo, kwa setilaiti! — alisema Redio, ambaye radi alishaitupa bila kuiaga. — Ile ikipita juu yako inakukomba mpaka namba za simu.

— Wahenga walisema... — Wakili akaanza.

— Wahenga hawakuchapa alama za mtu. Nyamaza!

Injinia akacheka, na kicheko kile ndicho kilichomchemsha Mama Chapa damu. Nyumbani ana watoto watatu, na mkono unaowalisha ni mmoja.

— Unacheka nini?

— Nawacheka hawa. Setilaiti! Mimi juzi nimeweka mfumo kwenye mashine zote mpya za maabara nikiwa kwenye kiti changu. Sikubeba flashi, sikuingia hata chumba kimoja.

— Uliwekaje bila kuzigusa?

Hapo Injinia akajisahau. Macho yakamng'aa.

— Kila mashine ya chuo nimeipanga hivi: ikiwaka, kabla haijatazama tumboni mwake, inauliza kwanza kwenye waya, "Kuna mwenye mfumo wa kunipa?" Seva, ile kompyuta kuu iliyoko ofisini kwangu, inajibu, "Upo, chukua." Mashine inasafishwa, inajazwa upya, mpaka mwisho. Wala haikuulizi ndiyo au hapana. Maswali nimeyazima, yanachelewesha kazi.

— Kila mashine ya chuo?

— Ndiyo utamu wake.

— Na ambayo tumbo lake limejaa?

— Hiyo, seva inatakiwa kuiambia, "Wewe endelea na chako."

— Inatakiwa. Juzi uliiacha ikisema hivyo, au uliiacha ikigawa?

— Dada, hayo ni mambo marefu.

— Mapumziko yangu ndiyo mafupi.

— Ngoja kwanza! — Redio alishasimama. — Kwa hiyo zinaongea? Usiku kucha ziko kwenye waya zinaongea? Basi zimegoma hizo! Zimekubaliana!

— Hilo sasa lina hoja, — Wakili akasema. — Kompyuta ina kumbukumbu. Chenye kumbukumbu kinaweza kuweka kinyongo. Kimeamua kusahau makusudi.

— Nyie mnacheza! — Mama Chapa akapiga benchi, tofali likayumba. — Watoto wa watu wanahitimu hawana alama, mimi natolewa kazini kwa kidole ambacho sikukiinua, na nyie mnacheza!

— Basi mwambie mkuu ni umeme, — Injinia akasema kwa sauti ya chini.

— Umeme unakatika mwaka mzima. Mbona jana ndiyo umejua kufuta?

Injinia akapuliza kikombe kilichokwisha poa.

Wakati huo akaja mtu wasiyemjua, suruali imelowa magotini. Alikuwa fundi bomba, ameitwa kutengeneza tangi la chuo. Akasalimia, akapewa kikombe, akauliza mbona nyuso zimefura. Redio akammiminia yote kwa pumzi moja, na setilaiti humo humo. Fundi bomba akatikisa kichwa kwa huruma. Alipoambiwa yule pale ndiye fundi mwenye kompyuta zake, akamgeukia.

— Pole sana, ndugu. Na wewe kwenye ya kwako umepoteza vingi?

Injinia akashusha mguu aliokuwa ameupandisha. Redio akamtazama Wakili, Wakili akatazama matairi.

Mama Chapa alikumbuka. Asubuhi, akienda kwa mkuu, alipita mlangoni kwa Injinia, na kwenye kioo cha kompyuta yake ilikuwepo picha ya pikipiki yake nyekundu, palepale ilipokaa tangu mwaka jana. Aliiona, akapita, akili yote iko kwa mkuu.

— Kila mashine ya chuo, — alisema taratibu. — Isipokuwa moja.

— Ile... ile niliitoa kwenye mpango. Ina kazi nyeti.

— Uliitoa isije ikafutwa.

Injinia akakizungusha kikombe mkononi.

— Kwa hiyo ulijua inafuta. Ukaificha ya kwako, zetu ukaziacha ziombe umeme uliporudi. Kisha ukaenda kwa mkuu ukataja kidole changu.

— Nilipitiwa tu kuizima ile seva, dada...

— Na kunitaja mimi, ulipitiwa pia? Inuka.

— Nikamwambie nini mkuu?

— Mwambie pikipiki imepona. Mengine atakuuliza mwenyewe. Tukitoka hapo utawazungukia walimu uokote makaratasi yao ya alama, mlango kwa mlango, kwa miguu yako. Halafu utakaa kwenye hicho kiti chako unisomee jina moja moja, mimi nichape.

— Nimalizie basi kahawa.

Bibi wa Kahawa, ambaye tangu mwanzo hakuwa ametia neno, alinyoosha mkono akamvua kikombe.

— Kahawa imekwisha, — alisema, na nyuma yake birika lilikuwa likifoka mvuke.