Mshono Unaovutika: Risala ya Washonaji wa Unyambwa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Diwani wetu, walimu, wazazi na wachezaji, habari za asubuhi. Wazee wetu, shikamooni.

MAKARIBISHO

Karibu sana Unyambwa, na pole kwa vumbi. Upepo wa leo umeamka mapema kuliko sisi. Sisi akina mama washonaji tumefurahi kupewa nafasi ya kusoma risala kwenye fainali hii ya mpira wa miguu wa wasichana. Mwaka jana hatukuthubutu hata kuiomba.

TULIKOTOKA

Tulianza na magauni ya vitenge na sare za shule. Mwaka jana tukapewa kazi ya bukta za timu, za kitambaa kinachovutika. Tukashona kama tulivyozoea: mshono ulionyooka, uzi wa pamba, na ili ziwe imara tukapitisha mshono mara ya pili juu ya ule wa kwanza. Tukajisifu sana.

Siku ya mechi Jenipher, golikipa wetu, aliruka kudaka mpira. Kitambaa kikavutika, uzi ukagoma, bukta ikafumuka mbele ya kata nzima. Watu wakacheka. Alifungwa kanga kiunoni akatoka uwanjani, na tangu hapo hajasimama tena golini. Tulilia, hatufichi.

MAFANIKIO

Katibu wetu, Dorika, alimfuata fundi wa masweta mjini Singida, akakaa naye mpaka akaelewa. Sasa tunashona kwa zigizaga, mshono ambao kitambaa kikivutika nao unafuata. Uzi ni wa polista, haukatiki upesi kama ule wa pamba. Tumejifunza pia kutokivuta kitambaa kikiwa chini ya sindano, maana nguo hutoka na mawimbi.

Kila nguo ikikamilika, Mama Eliana na Mama Dina huishika huku na huku wakavutana kama wanaigombea. Uzi ukilia tu, kazi inafumuliwa, hata kama ni ya mwenyekiti. Ya mwenyekiti imefumuliwa mara nyingi, na mwenyekiti ndiye anayekusomea risala hii.

CHANGAMOTO

Cherehani yenye zigizaga tunayo moja, tunapeana zamu. Lakini kinachotuuma zaidi ni jina. Tukienda kuomba kazi ya masweta ya shule, tunaulizwa kwa tabasamu kama hayatafumuka. Wanetu wanavaa masweta yanayotoka mkoa mwingine, na sisi tupo hapa na mikono yetu.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tunaomba cherehani ya ovaloki, ile inayokata na kushona pindo kwa pamoja. Tunaomba pia shule za kata zitujaribu, hata kwa darasa moja.

Ombi la tatu tumeliongeza jana. Tulimpelekea Jenipher bukta mpya nyumbani kwao. Aliigeuza ndani-nje, akauvuta mshono kwa nguvu. Kisha Jenipher akasema:

"Nitadaka. Lakini ninyi mama zangu mkae mstari wa mbele. Ikifumuka, tuaibike wote."

Mheshimiwa, viti vya mstari wa mbele ni vyako na msafara wako. Tunakuomba kwa heshima msogee kidogo, tupate pa kukaa. Mtoto tumeshamkubalia.

Mungu akutunze wewe na nyumba yako, awatunze mabinti wote watakaoingia uwanjani leo, na kazi ya mikono yetu aisimamie.

Ni sisi,
Kikundi cha Ushonaji Amkeni, Unyambwa.
Imesomwa na Anastazia, Mwenyekiti.