Zunguka Kwanza: Miaka Thelathini na Mmoja ya Mama Mafundo Kwenye Meza ya Lulu

Leo, tarehe 30 Juni, saa kumi na moja jioni, duka letu la vito linampoteza Mama Mafundo. Tusizungushe maneno: ni hasara. Ameikalia meza ya lulu, ile iliyo chini ya dirisha, kwa miaka thelathini na mmoja, na humu ndani hakuna kinachomzidi umri wa kazi isipokuwa feni ya darini, ile inayolia kama bata.

Kazi ya kuandika wasifu huu wa kwenye ratiba ya kumuaga nimepewa mimi, mkuu wa mauzo, na wenzangu wanajua kwa nini. Ndiye niliyebishana naye kuliko wote. Nimeanza biashara kwa kutembeza hereni barabarani, kila shilingi yangu naijua ilikotoka, na sikuwahi kumwelewa mtu anayemsindikiza mteja hadi mlangoni na kumwambia aende akaangalie kwingine. Lakini tutafika huko.

Aliajiriwa kutunga upya mikufu iliyokatika. Mtindo wake ni mmoja tu hadi leo: kila baada ya lulu moja anapiga fundo dogo la uzi wa hariri, ili siku uzi ukikatika idondoke lulu moja, si mkufu mzima. Jina lake limetokea hapo. Kuna bibi harusi aliyekatikiwa na mkufu akicheza mbele ya wageni. Ukumbi mzima ukapiga magoti kutafuta lulu, wakatafuta wee, kumbe iliyodondoka ni moja, nayo imejificha ndani ya kiatu cha bwana harusi. Ukoo ule haujanunua kwingine tangu siku hiyo. Amekuja mama mtu, wakaja mawifi, na mwisho akaja mavyaa mwenyewe, ambaye tuliambiwa haridhiki na chochote. Aliridhika.

Baada ya miaka michache akaanza pia kuuza, na hapo duka likapata kelele. Mwanamume akiingia peke yake na kuulizia mkufu, Mama Mafundo humwita shemeji, humkalisha, kisha humuuliza taratibu kama ni zawadi au ni msamaha. Kama ni msamaha, humshauri achukue hereni, maana mkufu huzaa maswali. Wengi hucheka kwa aibu na kuchukua hereni. Nimemlalamikia sana, kwa kuwa mkufu una faida kubwa zaidi, naye hunijibu kwamba mwenye hereni atarudi kwa sababu wanaume hawakosei mara moja.

Mlinzi wetu, tunayemwita Komeo, ana malalamiko yake. Mama Mafundo haamini taa za dukani. Anasema chini ya taa hata kifungo cha shati hung'aa. Kwa hiyo humtoa mteja nje, kwenye ngazi, na mkufu ambao haujalipiwa shingoni, ili auone kwenye mwanga wa mchana. Komeo hutoka nyuma yao amekunja uso kama anayesindikiza mahabusu. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyekimbia.

Sasa tufike huko nilikoahidi. Kila mnunuzi wa mara ya kwanza huambiwa na Mama Mafundo maneno mawili: zunguka kwanza. Nenda maduka mengine, uliza lulu hizi ni za baharini, za kufugwa mtoni au za kiwandani. Omba uisugue moja taratibu kwenye jino. Ya kweli hukwaruza kidogo kama mchanga mwembamba, ya bandia huteleza kama sahani. Chungulia tundu la uzi uone kama rangi inabanduka. Mwisho uliza kama unaweza kurudisha. Mwenye duka akikujibu kila swali kwa "usijali", wewe jali, utoke. Mimi niliwahi kuhesabu kwa mwaka mzima: kati ya kila kumi aliowatoa nje, saba walirudi, na wengi wao na dada zao. Yeye akasema kizuri chajiuza. Mimi nilisema, na leo nasema tena, kwamba wale watatu nao walikuwa na pesa.

Hata hivyo, kuna jambo moja sibishani naye. Mwaka mmoja, akiwa likizo akimuuguza mama yake, tulipokea mzigo wa mikufu iliyolingana punje kwa punje. Sote tuliishangilia, tukaijaza dirishani. Aliporudi aliinua mmoja, akatuambia hata mapacha hawafanani hivi, akausugua kwenye jino, akauweka chini. Ilikuwa kioo kilichopakwa rangi. Tatizo ni kwamba mkufu mmoja ulikuwa umeshauzwa, kwa shangazi mmoja aliyekuwa akijinyima muda mrefu ili amzawadie mpwa wake aliyemlea.

Marehemu mwenye duka alitaka yaishie humu ndani. Aliogopa kwamba habari ikitoka, jina la duka limekwisha, na sisi sote tulikuwa tunaishi kwa jina hilo. Mama Mafundo alimwambia mbele yetu: "Bosi, akijua kwa kinywa chetu, tumemkosea. Akijua kwa kinywa cha sonara mwingine, tumemwibia."

Walikwenda wote wawili hadi nyumbani kwa shangazi yule, wakiwa na mkufu wa kweli. Shangazi alitusema mpaka chai ikapoa, akaupokea mkufu, kisha akaupitisha kwenye jino mbele yao kama alivyoelekezwa. Wiki iliyofuata alituletea majirani wawili. Tangu hapo marehemu aliweka kanuni, ambayo haikuandikwa popote lakini wote tuliishika: hakuna lulu inayofika dirishani bila kupita kwanza kwenye meza ya Mama Mafundo, na mteja asiporidhika, arudishe.

Najua mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini huyu anaondoka, tembo lenyewe hana tena, basi acheni nimsifu. Amemfundisha fundi wetu wa hereni kupiga mafundo mpaka mikono yao huwezi kuitofautisha. Amewafundisha wateja kuvaa lulu mwisho, baada ya manukato, na kuivua mwanzo, kisha kuifuta kwa kitambaa laini. Amenifundisha mimi kwamba mteja aliyezunguka haombi punguzo sana, kwa kuwa ameshaona huko alikotoka. Hili la mwisho lingetosha kumjengea sanamu, ila yeye angeisugua kwenye jino.

Mama Mafundo, asante kwa macho yako, kwa kelele zako, na kwa kutuaibisha pale tulipostahili. Tunakuombea siku ndefu zenye usingizi mzuri, wajukuu wasiogusa uzi wako, na mwanga wa dirisha popote utakapoweka kiti.

Limebaki moja, nalo si lake, ni la meneja wetu, mwana wa marehemu, ambaye ameketi meza kuu akisoma ratiba hii kama sisi. Tumesikia kwamba kuanzia Jumatatu meza ya dirishani itaondolewa liwekwe kabati la kioo, lulu zije zimeshatungwa na kufungwa kwenye pakiti, mteja asitoke nazo nje, na kilichouzwa kisirudishwe. Sasa mteja wetu akizunguka na maswali ya Mama Mafundo, atafika hapa atusikie tukimwambia "usijali". Fundi wa hereni yuko tayari kukaa kwenye kile kiti. Hesabu za wale saba ninazo, na leo kwa mara ya kwanza niko upande wao.

Kwa hiyo, mwanetu, tunaomba neno moja mbele ya mama huyu: meza inabaki, au haibaki? Ratiba inasema keki inakatwa saa tisa. Tujibu kabla ya hapo. Kisu ninacho mimi.