Hesbon Khaemba na Nyuzi Mbili za Roboti
Na J. M. Wahome, mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa zamani wa kamati ya shule

Bwana Hesbon Khaemba hakukosea kule Bungoma. Nimelijua hilo kwa miaka miwili na nimelificha. Sasa wahariri wa jarida la wafanyakazi wameniomba nimwandikie wasifu, na daktari wangu ameniambia nisipange mambo ya mbali, kwa hiyo naanza na hilo.

Bwana Khaemba anastaafu tarehe 28 Novemba, baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara ya shule yetu hapa Kitale. Alifika kutoka Bumula na cheti kimoja na kisanduku cha bisibisi. Hakuna mizani aliyoitupa kabla ya kuifungua. Mwaka mmoja vyura wa mtihani wa biolojia walitoroka. Aliwakamata wote kumi na wawili kabla ya kengele, mmoja akiwa ndani ya kiatu cha msimamizi.

Chama cha roboti kilipoanzishwa, yeye ndiye aliyekuwa fundi. Roboti yenyewe, Punda, ilifuata mstari mweusi sakafuni na kupeleka pakiti za maharagwe ghalani. Msimu ule ulikuwa mgumu. Januari betri ilivimba. Katika mashindano ya Kitale gurudumu lilichomoka, akachonga jingine kutoka kifuniko cha mtungi wa maji. Tukawa wa pili, tukapata nafasi ya kwenda Bungoma.

Wanafunzi walipenda kumtania kwa matamshi yake. Kwake raiti, yaani kulia kwa Kiingereza, ilikuwa laiti, na lefti, kushoto, ikawa refti. Ndiyo sababu hakutumia herufi kwenye nyaya za mota, ambazo zilifanana kabisa. Waya wa kulia aliufunga uzi mwekundu, wa kushoto uzi mweusi.

"Cheka tu, Mwihaki," alimwambia kapteni wa timu. "Uzi mwekundu hata mimi siwezi kuutamka vibaya."

Bungoma waamuzi walitaka nyaya zote zichomolewe kwa ukaguzi. Khaemba alikuwa ametoka kutafuta betri. Nyuzi hazikuwepo tena. Palikuwa na vibandiko viwili safi, L na R, na Mwihaki akarudisha nyaya kwa kuvifuata. Punda ilifika kwenye kona ya kwanza, ikageukia upande usiofaa, ikamwaga maharagwe miguuni pa waamuzi.

"Si fundi wao ni wa Bumula!" mwanafunzi wa shule nyingine alipaza sauti. "Ati alisikia laiti akaandika refti, bana!"

Ukumbi mzima ukacheka. Khaemba aliingia, akavitazama vibandiko, akanitazama mimi niliyeisindikiza timu. Kisha akawageukia watoto.

"Poleni, wanangu. Tungeijaribu kwanza."

Hakuongeza neno, siku ile wala baadaye. Wiki iliyofuata kamati, nikiwa mwenyekiti, ilimwondoa kwenye timu. Hakuna aliyemuuliza chochote. Alikabidhi ufunguo wa kabati la roboti, akarudi kwenye mirija yake ya maabara. Tangu hapo kila mgeni wa shule husimuliwa kisa cha fundi asiyejua L na R, na naomba kisa hicho kisimfuate hadi nyumbani.

Shule inamshukuru kwa miaka yote hiyo. Mkewe, Mama Nasambu, anamsubiri Bumula, na majirani wameshaanza kupanga redio mbovu mlangoni. Tunamwombea siku za utulivu, macho mazuri na bisibisi zisizopotea.

Asubuhi ile ya Bungoma niliziona nyuzi zile nikaona zitatuaibisha mbele ya waamuzi. Nilichukua mkasi, nikazikata, nikabandika herufi. Punda ilikuwa imenielekea, nami, mwalimu wa fizikia kwa miaka arobaini, nikadhani kulia kwangu ndiko kulia kwake. Vibandiko vile niliviandika mimi.