Evodius Rwechungura, Katibu Aliyemwacha Raimundi Aende Peke Yake

Baba Paroko, ndugu, jamaa na majirani wa Ifakara, mimi ni Dativa, binti wa marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma historia ya baba yetu, na kabla sijaanza niseme kwamba sehemu moja ya karatasi hii aliniandikisha mwenyewe akiwa kitandani, akaniapisha nisiiruke.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, Kamachumu, mkoani Kagera, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akajifunza uchomeleaji, na Juni 1983 akahamia bonde hili la Kilombero, akaajiriwa katika kiwanda cha sukari. Tarehe 8 Oktoba 1988 alifunga ndoa hapa Ifakara na mama yetu, Jane, wakajaliwa watoto watatu, Martin, mimi na Joshua.

Mwaka 2009 wenzake walimchagua kuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, na tangu hapo hakuna aliyemsikia akizungumzia jambo lingine. Aliamini kwamba chama kikipigania mishahara wanafaidi wote, basi wote wachangie, na mwaka 2016, wanachama walipokuwa wengi, mwajiri akakubali kukata ada ya chama kwenye mishahara, hata ya wasiojiunga. Mmoja wa hao alikuwa Raimundi, fundi wa mitambo kutoka Masagati, kijana mpole, ambaye kila alipopelekewa fomu aliirudisha akisema, "Kaka, chama cha kulazimishwa ni bosi wa pili."

Sasa nasoma aliyoniandikisha, nami nimemwita baba pale aliposema "mimi".

Agosti 2017 Raimundi alizima mtambo wa kusaga miwa kwa sababu kinga ya kuzuia mikono isinaswe ilikuwa imevunjika, akashtakiwa kwa kuzuia uzalishaji, akaitwa kwenye kikao cha nidhamu. Asubuhi ya kikao alikuja ofisini kwa baba, akasimama mlangoni, akasema, "Shikamoo katibu, naomba unisindikize, mimi kuongea mbele ya wakubwa siwezi." Baba hakuitikia salamu ile, alimwambia, "Wewe si mwanachama, nenda peke yako kama ulivyotaka." Raimundi akasema, "Lakini ada yangu mnakata," akangoja kidogo, kisha akaenda, na kabla ya saa sita mchana alikuwa amefukuzwa kazi.

Alirudi Masagati kulima, na tarehe 19 Aprili 2018, akivuka mto uliofurika ili aokoe mpunga wake, mtumbwi ulipinduka, akapatikana siku ya tatu. Baba alikwenda msibani, na mjane, Stefania, bila kujua yeye ni nani, alimletea maji ya kunawa na sahani ya wali, naye akashindwa kuinua mkono.

Aliyoniandikisha yanaishia hapo, na baada ya msiba ule nyumba yetu haikuwa ileile. Tukiwa tumekaa mezani mchana kweupe, baba alikuwa akigeukia mlango na kuitikia, "Marahaba," na mlangoni hapakuwa na mtu. Mwanzoni mama alikwenda kuchungulia, baadaye akaacha. Mwaka 2019 baba aliacha ukatibu, lakini mpaka alipostaafu mwaka 2021 alimsindikiza kila aliyeitwa kikaoni bila kumuuliza kadi ya chama, na juu ya ada hakubadili msimamo, alisema kila mtu achangie, ila kosa lake halikuwa kwenye ada.

Novemba 2024 aliugua figo, akalazwa hapa Ifakara, akaagiza aitwe Stefania, naye akaja kwa bodaboda hadi Mlimba, kisha kwa treni. Baba alimweleza yote, akamwomba msamaha. Yule mama akasema, "Mimi nimekusamehe, baba, lakini Raimundi siwezi kumsemea." Baba akajibu, "Najua." Alifariki tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, akitazama mlango.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kulala matanga, wafanyakazi wenzake, wanachama na wasio wanachama, na wewe mama Stefania, uliyefika tena leo na kukaa kwenye mkeka na mama yetu. Tunaomba kila atakayetia udongo amtaje na Raimundi katika sala yake, maana sisi watoto hatujui tumwombee baba kwa njia gani nyingine.

Baba, pumzika kwa amani, kama utapewa.